Kuinua pua ya pikapu hakutengeneze njia

Mvua imerudi, na ku magaraji ya Kolwezi, ya Likasi na ya Lubumbashi kazi moja inaombwa sana: kuinua magari mbele. Pikapu inaingia pua chini, inatoka pua juu. Patro anafurahi, anasema sasa itapita. Shofere anafurahi, juu hatasikia tena mawe yakigonga tumbo la gari. Na sisi wenye tunapanda nyuma, juu ya magunia, tunafurahi pia, sababu tunataka kufika ku kariere na kurudi nyumbani. Hakuna mwenye anauliza: huo urefu wenye wameongeza mbele, wameutoa wapi? Ku gari hakuna kitu cha bure. Ukiongeza hapa, umepunguza pale.

Tuseme wazi mawazo yetu. Namna magari yetu yanainuliwa leo, bila kipimo, bila vyombo vya kufaa, na kisha kupakiwa magunia na watu hadi juu, ni kutoa hatari ku tumbo la gari na kuiweka ku shingo ya mchimbaji. Patro anaokoa karteri yake ya mafuta. Sisi tunalipa na mifupa yetu.

Hatuseme kwamba wenye kuinua magari ni wajinga. Wenye wanaijua njia wanaelewa. Ukiwa ku gudro kati ya Lubumbashi na Kolwezi, gari ndogo inatosha. Lakini ukitoka gudro na kuingia mu pori, kuelekea kariere, ni mambo mengine. Kiangazi ni vumbi na mawe. Tangu mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4 ni potopoto. Makamiyo mazito yanapita, yanachimba mitaro miwili ya mapine, na katikati kunabakia mgongo wa udongo. Pikapu ikiweka mapine mu mitaro ile, tumbo lake linalala juu ya mgongo, na safari inaisha pale. Njo maana mtu anakimbilia garaji.

Kuko sababu ya pili. Magari mengi tunayotumia yalifika hapa yakiwa yamekwisha kuzeeka mu inchi zingine. Resori zao zimechoka. Sisi tunazipakia tena: magunia 20 ya kilo 50 ni tani 1 kamili, na pikapu za kawaida zimefanywa kwa kubeba karibu tani 1 tu. Kisha juu ya tani ile tunaongeza watu 10 ao 15. Gari inainama, na fundi anaitwa aiinue. Lakini gari yenye resori zimechoka haiombe kuinuliwa. Inaomba resori mpya za kipimo chake, na mzigo wenye inaweza. Kuinua gari iliyochoka ni kama kumuvalisha mgonjwa viatu virefu na kusema amepona.

Mafundi wanafanya nini?

Njia zenye tunaonaka ni tatu. Ya kwanza ni ya haraka kuliko zote. Pikapu nyingi za miaka ya 1990, kama vile Hilux nyingi zenye mapine ya mbele yanatembea kila moja peke yake, hazina resori ya kuzunguka mbele. Ziko na fimbo ya chuma yenye inajikunja, mafundi wanaiita bari ya torsio. Mwisho wa fimbo kuko buloni. Fundi anakaza buloni, pua inapanda. Ufunguo mmoja, nusu saa, makuta kidogo.

Ya pili ni kale: kipande cha chuma chenye wanatia juu ya resori ili gari isimame juu zaidi. Ya tatu ni ya magari yenye resori za vyuma bapa vyenye vimepangwa kimoja juu ya kingine: wanaongeza chuma kimoja ao viwili, ao wanaweka jumele ndefu, vile vishikizo vya ku mwisho wa resori.

Tuanze na ile ya kwanza, sababu njo inadanganya watu zaidi. Wengi wanaamini kwamba ukikaza ile bari, gari inakuwa na nguvu. Hapana. Bari ni ileile, chuma ni kilekile. Haikuongezewa nguvu hata kidogo. Kitu chenye kimebadilika ni mahali mkono wa pine unasimama. Mkono ule uko na nafasi yake ya kupanda na kushuka, nafasi yenye kiwanda kilipima. Ukiinua gari santimetre 5, hauongezee mkono nafasi. Unachukua santimetre 5 ku nafasi yake ya kushuka.

Sasa muangalie pine ikifika ku shimo. Inapaswa kushuka mu shimo ili ibakie inakanyaga chini. Lakini haina tena nafasi: mkono unagonga mwisho wake, kau! Pine inabakia inaning'inia mu hewa, na pine yenye inaning'inia haishike njia, haifunge freni, haigeuke. Njo ile kelele yenye munasikia mbele, na njo sababu gari iliyoinuliwa inatupa watu sana. Tunaambiwa: "Ni ngumu juu iko na nguvu." Ni ngumu juu imefika mwisho wa mkono wake.

Vitu vyenye vinakatika

Ku magari ya namna hii, kuko kardani, fimbo zenye zinapeleka nguvu ya motere ku mapine ya mbele. Kiwanda kilizipanga zitembee karibu sawasawa, zikikunjwa kidogo tu. Gari ikiinuliwa, zinatembea zimekunjwa kila saa, kila kilometre. Vile vifuniko vya mpira vyenye vinashika grisi vinavutwa, vinapasuka. Kisha kupasuka, grisi inatoka, vumbi na potopoto vinaingia, na kardani inaanza kulia taka-taka-taka ukikunja volani. Siku moja inakatika. Ikikatikia ku mupando, na magunia nyuma, na watu juu ya magunia, Mungu asaidie.

Kuko rotili, vile vichwa vya mviringo vyenye vinashikanisha pine na mikono yake. Nazo ziko na mwisho wa kujikunja. Zikikaa karibu na mwisho ule siku zote, zinakulwa upesi. Rotili ikitoka mahali pake, pine inalala upande, na shofere hata akiwa na ufundi wa namna gani, gari haiko tena yake.

Kuko mapine yenyewe. Mbele ikipanda, mapine hayasimame tena sawasawa. Yanaangalia pembeni, yanainama. Njo maana munaona pine ya mbele imekulwa upande mmoja tu, nyuzi zinaonekana, na upande mwingine iko kama mpya. Kisha kuinua gari, lazima kufanya paralelisme, kupima na kurudisha mapine kwenye mustari wake. Ni watu wangapi wanafanya? Anaona gari iko juu, analipa, anaenda. Kisha miezi michache analalamika kwamba mapine ya siku hizi ni mabaya.

Kuko freni. Ku kila pine ya mbele kunafika tuyo ya mpira yenye inaleta mafuta ya freni. Urefu wake ulipimwa kwa gari ya urefu wa kiwanda. Weka kale, ao resori ndefu, na siku pine inashuka mu shimo, tuyo ile inavutwa kama kamba. Haipasuke siku ya kwanza. Inapasuka siku yenye shofere anakanyaga na nguvu. Tena, pikapu nyingi ziko na kifaa kidogo karibu na ponti ya nyuma chenye kinapima kama gari imepakia ao haikupakia, ili freni za nyuma zifunge kwa kipimo. Ukiinua nyuma na vyuma vya kuongeza, kifaa kile kinadanganywa: kinafikiri gari iko tupu, na kinapunguza freni ya nyuma, wakati gari iko na tani 2 juu yake.

Watu wa juu ya magunia

Lakini hatari yenye inatuuma zaidi haiko ku vyuma. Iko ku watu.

Sisi wote tunajua mafundi wa kinga, wale wandugu wenye wanaleta makala mu mji. Wanafunga magunia kwa akili: mazito yanakaa chini, karibu na mapine. Mtu akiwaongezea gunia moja juu kabisa, kinga inakuwa nyingine: inayumba, na ku kona inataka kulala. Si juu ya kilo tu. Ni juu ya mahali kilo zinakaa.

Pikapu ni vilevile. Upana wake, toka pine mpaka pine, ni karibu metre 1 na nusu. Mchimbaji akikaa juu ya magunia, uzito wa mwili wake uko zaidi ya metre 1 na nusu kutoka chini. Weka watu 12 pale, kisha inua gari yote. Santimetre 5 peke yake haziangushe gari, tunakubali. Lakini zinaongezeka juu ya magunia, magunia juu ya resori zilizochoka, na watu juu ya yote. Kona yenye jana ilipita na kuyumba tu, leo inalaza gari. Na gari ikilala, mwenye kukaa mbele iko na mlango na paa. Wa juu ya magunia iko na mawe ya njia chini yake na magunia yake mwenyewe juu yake.

Tuongeze kitu chenye hakisemwe sana: gari iliyoinuliwa inabadilisha hata shofere. Wakati tumbo la gari lilikuwa linagonga, alikuwa anaenda polepole, anachagua njia, anashuka kuangalia shimo. Leo anajisikia juu ya kila kitu, anakimbia. Mwendo njo unaua, na urefu unamupa mtu moyo wa kukimbia.

Hata wenye hawapande gari wako mu hatari. Magari mengi yetu yalitengenezwa kwa inchi zenye zinatembea upande wa kushoto, kama vile Japani. Taa zake zinatupa mwangaza zaidi kushoto. Hapa Congo tunatembea kuume, kwa hiyo mwangaza ule tayari unaingia mu macho ya mwenye anakuja. Ukiinua pua santimetre 5 bila kuinua nyuma, ku metre 50 mbele mwangaza unapanda kati ya santimetre 80 na metre 1. Yule mama mwenye anatoka shamba na beseni, yule mtu wa kinga bila taa, wanafungwa macho. Na shofere mwenyewe anaangazia matawi ya miti kuliko njia. Kurekebisha taa ni kugeuza vizi moja tu, lakini nani anaifikiria?

Na faida yenyewe ni ndogo kuliko wanavyodhani. Muinue pua namna munataka, ponti ya nyuma inabakia pale ilikuwa, na ile kichwa yake ya mviringo katikati ya mapine. Jiwe lenye linapita chini ya pua linaenda kungojea ponti. Ku magari yenye ponti nzima hata mbele, kama vile Land Cruiser za mfululizo wa 70, resori ndefu zinainua kasha la gari, lakini ponti haipande hata santimetre 1. Ni mapine makubwa tu njo yanaweza kuipandisha, na mapine makubwa nayo yanaleta shida zake ku direksio na ku freni.

Nani analipa?

Muangalie vile makuta yanatembea. Patro anataka versema yake kila siku, mvua inyeshe ao jua liwake. Shofere anapaswa kupata versema ile kwanza, kisha yake. Kwa hiyo anapakia zaidi na anaenda mbio. Mchimbaji analipia gunia lake, na yeye mwenyewe anapanda juu ya gunia, juu hataki liibiwe ku njia. Kardani ikikatika, patro anapoteza kardani. Gari ikilala, familia inapoteza baba. Mwenye anaamua kuinua gari hapande nyuma. Mwenye anapanda nyuma hakuulizwa.

Na si kwamba mu inchi yetu hatujue namna nzuri. Mu kampani kubwa za mine, kwa kawaida gari haibadilishwe bila ruhusa, kila mtu anafunga mukaba, na watu hawapande juu ya mzigo. Mu nyumba moja tunaweza kuwa na ndugu wawili: mkubwa anaingia mu bisi ya kampani na mukaba, mudogo anapanda pikapu ya pua juu kuelekea kariere ya mikono. Mama yao ni mmoja. Juu ya nini uhai wa mmoja upimwe, na wa mwingine uachwe kwa buloni yenye mtu alikaza kwa nusu saa?

Kwa hiyo tunaomba mambo haya.

Kwa patro: kama gari yako imeinama, nunua resori na amortisere mpya za kipimo chake kabla ya kufikiria kuinua. Kama ni lazima kuinua, ifanywe kidogo, mbele na nyuma pamoja, na vyombo vyenye vimetengenezwa kwa gari ile, na tuyo za freni zenye urefu wa kutosha, na paralelisme siku ileile, na taa zishushwe. Kama hauna makuta ya hayo yote, hauna makuta ya kuinua.

Kwa fundi: wewe njo unajua. Mteja akikuomba ukaze bari mpaka mwisho, mueleze, na ukatae. Kabla ya kutoa gari, iweke ku kriki, acha pine ininginie, geuza volani kuume na kushoto, na uangalie tuyo ya freni na kardani. Dakika 10 zinatosha.

Kwa koperative: tangu sheria ya madini ya 2002 ilirekebishwa katika 2018, mchimbaji wa mikono anapaswa kuwa ndani ya koperative. Basi koperative isikuwe tu ya kuhesabu magunia. Ikubaliane na wenye magari: magunia safari yake, watu safari yao, mu gari yenye viti. Gari yenye haikuangaliwa isiingie ku kariere. Siku moja bila gari ile, patro atatengeneza.

Kwa watu wa rulaje: sheria ya njia tuko nayo tangu 1978, karatasi haikosekane. Tunaona vile munasimamisha pikapu, munaangalia makaratasi, kisha inaenda na watu 15 juu. Muinamishe macho siku moja muangalie mapine ya mbele.

Kwa wakubwa wa mutaa, wa jimbo na wa kampani: gari inainuliwa juu njia imeanguka. Makamiyo yenye yanachimba mitaro ile yanabeba utajiri. Sehemu ya utajiri ule irudi ku njia. Na sisi pia tusikae na mikono mifukoni. Wazee wanakumbuka salongo. Mawe ya kujaza mitaro mu mahali pabaya, na mufereji wa kutoa maji, havingoje minisita. Santimetre 20 za shimo lenye limejazwa ni bora kuliko santimetre 5 za pua yenye imeinuliwa, na zinasaidia kila mwenye kupita, hata wa kinga, hata mwenye mimba mwenye anapelekwa ku maternite.

Na kwa sisi wenyewe, wenye kupanda, na bibi zetu na wazazi wetu: tuko na macho. Kabla ya kupanda, zunguka mbele ya gari. Pine imekulwa upande mmoja? Grisi imerukia ndani ya pine? Mpira wa kardani umepasuka? Pua iko juu na nyuma imelala? Muulize shofere, na heshima lakini bila woga: "Ndugu, paralelisme ilifanywa?" Kama anacheka, ngojea gari nyingine. Gunia linaweza kwenda na mtu mmoja wa kulilinda, akae mbele mu kabini. Bora kufika ku depo saa mbili kisha wengine, na bei ikuwe imeshuka kidogo, kuliko jirani kuleta habari ku mulango.

Mvua itadumu mpaka mwezi wa 4. Pikapu zile zitapita kila asubuhi. Kesho asubuhi, yenye itasimama mbele yenu, muangalie mapine yake kwanza, kisha mupande ao mubakie.